Mshipa wa Babu

Babu yangu hakuwa mtu wa suruali. Nilikulia Mnarani, upande wa kusini wa hori la Kilifi, na kila nikimkumbuka namwona ndani ya kikoi: shambani kikoi, msibani kikoi, harusini kikoi kipya. Alikuwa na namna yake ya kuketi. Kwanza anakusanya kitambaa mbele kwa mikono miwili, halafu anajishusha polepole, kama mtu aliyepakata kitu cha kuvunjika. Wazee wenzake walisema ana mshipa. Sisi watoto, adabu hatuna, tulisema ana busha.

Hospitali ina neno la tatu: ngirimaji. Ni maji yanayojaa ndani ya utando unaozunguka kende, kidogo kidogo, mpaka mfuko unavimba kama embe, kama nazi, hata zaidi. Ngiri yenyewe ni kitu kingine kabisa: ni utumbo kupenya na kushuka. Lakini ukisema "mshipa" umesema vyote, na hujasema chochote. Ndiyo kazi ya neno hilo. Linafunika, kama kikoi.

Nimeanza kuyachimba haya kwa sababu yangu mwenyewe. Mwaka jana, nikioga kwenye chumba changu cha kupanga Nairobi, niligusa uvimbe upande wa kushoto. Hauumi, mlaini, saizi ya limau. Nikajiambia utaisha. Sikumwambia mtu, hata mpenzi wangu. Nikaanza kuzima taa mapema, kuchoka ghafla, kuwa na kazi nyingi wikendi. Miezi minane! Kijana mwenye simu mkononi, hospitali tatu ndani ya mwendo wa dakika ishirini, nimekaa tu. Badala ya kwenda kwa daktari nikawa nasoma historia. Na huko ndani nikamkuta Babu.

Busha si ugeni wa jana Pwani. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Unguja Desemba 1856, alichapisha kitabu kuhusu kisiwa hicho mwaka 1872, na humo anaeleza matende ya miguu na mabusha ya kufika magotini. Aliandika kwa jicho la mtu anayehesabu maajabu ya wengine. Hakujua yanatoka wapi, na wakati huo hakuna aliyejua.

Jibu lilianza kupatikana mbali sana na kwetu. Mwaka 1877, katika bandari ya Amoy huko China, daktari Mskoti aitwaye Patrick Manson alimlaza mtumishi wake, mtu mwenye vijidudu hivi damuni, chumbani mwenye mbu. Asubuhi akawakusanya mbu walioshiba, akawapasua chini ya hadubini siku baada ya siku, akaona minyoo michanga ikikua ndani yao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha kwamba mdudu anayeuma anabeba ugonjwa wa binadamu. Hata malaria ilikuwa bado haijaelezwa.

Leo tunajua hivi. Mnyoo unaitwa Wuchereria bancrofti. Mbu anauingiza ukiwa mchanga, unakwenda kukaa kwenye mirija ya limfu na unaweza kuishi humo miaka sita, minane. Kwa mwanamume hupenda hasa mirija ya karibu na kende. Unaziba na kuharibu njia, na maji yanaanza kukusanyika. Kuumwa na mbu mara moja hakutoshi, ni miaka ya kuumwa. Vijukuu vyake hutoka kutembea damuni usiku, hasa karibu na saa sita, saa ambazo mbu wenyewe wako kazini.

Kwa hiyo watafiti nao walilazimika kufanya kazi usiku. Katika miaka ya 1970 mtafiti D. J. B. Wijers na wenzake walipima wanaume watu wazima katika Mkoa wa Pwani, kisha wakachagua sehemu mbili za kuchunguza kwa undani: Mambrui, mji mdogo wa ufukweni kaskazini ya Malindi, na Jaribuni, mashambani, upande wa bara kutoka Kilifi. Matokeo yalichapishwa 1977, miaka 100 kamili baada ya wale mbu wa Amoy. Hebu fikiria: Pwani hii hii ya hadithi za mumiani, wageni wanakuja na taa usiku kutoboa watu vidole. Na bado watu walitoa damu yao.

Wakati huohuo, kule Mnarani, mshipa wa Babu ulikuwa unaanza. Bibi anasema ulionekana baada ya kuzaliwa kitinda mimba wao, kati ya miaka ya 70. Jaribuni na Mnarani zilikuwa wilaya moja. Sayansi ilikuwa jirani. Lakini majibu yake yaliandikwa kwa Kiingereza, yakachapishwa kwenye jarida la ng'ambo, na hakuna aliyerudi kubisha mlango wa Bibi kumwambia ni mbu.

Kwa hiyo mlango ulibishwa na maelezo mengine.

La kwanza lilikuwa madafu. Sijui kama kuna mtu wa Pwani ambaye hajawahi kuambiwa asizidishe madafu atapata busha. Linaelekea kuwa na akili: maji yanaingia, maji yanajaa. Tena minazi na mabusha yote ni mambo ya Pwani, hapo ushahidi umekamilika! La pili lilikuwa kunyanyua vitu vizito. La tatu ndilo lililoingia chumbani: tego.

Kwa msiojua, tego ni uganga wa mume kumtega mkewe, ili mwanamume mwingine atakayemgusa apatwe na ugonjwa kule kule alikokosea. Sasa mwanamume akivimba sehemu hizo, watu hawahitaji kesi. Mwili wenyewe umeshatoa ushahidi.

Haya sikuyasoma popote. Aliniambia Bibi, mwaka jana, Desemba, nilipokwenda nyumbani na limau langu nikiwa nimelificha. Bibi huniita mume wangu, kama bibi wengi wa Pwani wanavyowatania wajukuu zao, na utani huo una faida yake: jambo ambalo mama hawezi kumwambia mwanawe, bibi anaweza kumwambia mjukuu.

"Mume wangu," aliniambia, "mimi na babuyo tulilala kitanda kimoja karibu miaka thelathini, kila mtu na ukuta wake."

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya uvimbe. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Uvimbe ni nyama na maji, ningeuzoea. Nilikuwa nataka kujua ni mke wa nani."

Hakuwahi kumuuliza. Babu naye hakuwahi kusema, kwa sababu hakuwa na la kusema, na kwa sababu mwanamume akianza kujitetea bila kuulizwa amejishtaki. Bibi alikuwa akimfulia kikoi, akimpikia, akimjibu salamu, na moyoni akipita nyumba moja moja za Mnarani akikisia. Kuna jirani mmoja aliacha kumuazima chumvi kwa miaka kumi. Mwanamke wa watu alikufa bila kujua kosa lake.

Na dawa ilikuwepo. Hili ndilo lililonikaba. Kutoa maji kwa sindano ni jambo la zamani sana, ingawa hayakawii kurudi. Lakini tangu mwisho wa karne ya 19 madaktari wa Ulaya walishaeleza jinsi ya kumaliza kazi: unapasua mfuko, unamwaga maji, unaukata ule utando au unaupindua nje-ndani na kuushona ili maji yasipate pa kukusanyika tena. Si upasuaji wa kutisha. Mara nyingi hauzidi saa moja. Upasuaji huu ulikuwa mkongwe kuliko Babu mwenyewe.

Hospitali ya wilaya ilikuwa ng'ambo ya hori. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, kwenda Kilifi kulikuwa kupanda kivuko, umesimama katikati ya watu, baiskeli, magunia na macho. Babu alikwepa kivuko. Daraja lilipokuja tulisema sasa tumeunganishwa na dunia, ila Babu aliendelea kubaki upande wake. Kumbe si maji ya hori yaliyomzuia.

Dunia nayo ilikuwa inajipanga. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuumaliza ugonjwa huu. Kule Makunduchi, Unguja, walikuwa wameshajaribu kitu cha ajabu na rahisi: kumwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea ndani ya vyoo vya shimo, ili viluwiluwi vya mbu vikose hewa, huku watu wakipewa dawa. Tanzania Bara, Dkt. Mwele Malecela aliongoza mpango wa kitaifa wa kupambana na matende na mabusha, na baadaye akawa mkurugenzi wa magonjwa yaliyosahaulika katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022. Kenya ilianza mwaka 2002, na ilianzia hapa hapa Kilifi: vidonge vya DEC na albendazole kwa kila mtu, mgonjwa na mzima, kisha Malindi na Kwale.

Nilikuwa na miaka minane. Namkumbuka yule mhudumu wa afya amesimama uani, boksi la dawa begani. Alieleza kwa Kiswahili, tena kwa sauti, kwamba matende na mabusha yanaletwa na mbu. Si madafu, si kurogwa, si uzinzi. Mbu.

Sisi tulichukua vidonge tukaenda kucheza. Bibi anasema yeye alikaa chini.

Kutoka Amoy 1877 mpaka uani kwetu 2002 ni miaka 125. Habari ilikuwa imeshazunguka dunia nzima, na ilipofika kwa Bibi ilikuwa imechelewa kwa ndoa yote.

Babu alimeza vidonge, akashikwa na homa siku mbili, akalalamika kwamba mshipa haukupungua hata kidogo. Hakuna aliyemweleza vizuri kwamba vidonge huua vijidudu vya damuni ili visimpate mtu mwingine. Mfuko ulioshajaa haupungui kwa kidonge, unahitaji kisu. Wanaume wengi wa rika lake waliishia hapo: nimekunywa dawa, haikufanya kazi. Na dawa zenyewe hazikutolewa kila mwaka kama ilivyopangwa.

Aliyempeleka hospitali ni Bibi. Mwaka 2004, asubuhi, alimwekea kikoi safi kitandani na kumwambia twende. Alilazwa siku chache, akarudi kwa gari la kukodi, amekaa kiti cha mbele. Hakuna aliyetangaza chochote. Ila Idi iliyofuata Babu alitoka nyumbani amevaa suruali ya kijivu yenye mstari wa pasi, na mtaa mzima ukajifanya haujaona.

"Ulimwomba msamaha?" nilimuuliza Bibi.

"Kwa lipi? Hakujua kama nilimshtaki." Akanyamaza kidogo. "Nilihama ukuta."

Walikaa hivyo miaka tisa, hadi Babu alipofariki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaume milioni 25 wana mabusha yatokanayo na mnyoo huu. Nikisoma namba hiyo siku hizi naizidisha kwa mbili, kwa sababu kila mmoja wao ana mtu upande wa pili wa kitanda anayekisia.

Nilirudi Nairobi, nikamwambia mpenzi wangu siku hiyohiyo, taa ikiwa imewashwa. Alilia kwanza, halafu akakasirika. Kumbe miezi yote ile na yeye alikuwa akipita nyumba moja moja. Hakumfikiria mume wa mtu wala tego, alifikiria namba kwenye simu yangu, lakini ni kitu kilekile.

Tukaenda pamoja. Daktari alimulika uvimbe kwa tochi, mwanga ukapita kama kwenye maji, kisha akanituma kupigwa picha ya mawimbi ya sauti. Ngirimaji. Si lazima iwe ya mnyoo, alisema, kuna inayotokana na kuumia, na maambukizi, na nyingine hazina sababu inayoonekana. Alinigombeza kuhusu ile miezi minane. Uvimbe wa kende hauchunguzwi kwa kubahatisha, maana ukiwa mgumu, hata usipouma, unaweza kuwa saratani, na hiyo haisubiri aibu yako iishe.

Nilipasuliwa mwezi wa pili. Jioni yake Bibi alipiga simu, akauliza bila kuzunguka: "Mume wangu, mshipa umetoka?"

Nikamjibu kwa jina lake. "Busha, Bibi. Limetoka."