Sauti ya Mstaafu Ukumbini: Nyerere na Mkutano Mkuu wa CCM wa 1995

Julai 1995 wajumbe wa Mkutano Mkuu Maalumu wa Chama Cha Mapinduzi walikutana katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, kumteua mgombea urais. Uchaguzi uliokuwa unakuja ulikuwa wa kwanza kushirikisha vyama vingi tangu nchi iingie katika mfumo wa chama kimoja mwaka 1965. Majina yaliyowafikia wajumbe yalikuwa matatu: Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha mwenye umri wa miaka 44, Benjamin Mkapa, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, na Cleopa Msuya, Waziri Mkuu. Mwenyekiti wa chama alikuwa Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa akimalizia muhula wake wa pili. Hata hivyo, hotuba inayokumbukwa zaidi kutoka mkutano ule ni ya mtu asiyekuwa tena na cheo serikalini wala uenyekitini: Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais Novemba 1985 na kuuacha uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Je, ilikuwa halali kwa rais mstaafu kusimama mbele ya wajumbe wa chama chake na kuwaeleza wachague mtu wa namna gani? Naamini ilikuwa halali, na ingekuwa halali leo pia. Wengi wanaomtetea mstaafu hutaja hekima ya uzee. Hoja hiyo ni dhaifu, maana wazee nao hukosea, na mstaafu mmoja huweza kupingana na mwenzake. Hoja nzito zaidi ni kwamba hotuba ya ukumbini ndiyo sehemu ya ushawishi wa mstaafu ambayo watu huisikia kwa masikio yao, na baada ya kuisikia huweza kuikataa kwa kura ya siri.

Nyerere wa 1995 asichanganywe na Nyerere wa 1985 hadi 1990. Katika miaka ile mitano hakuwa rais, lakini alikuwa mwenyekiti wa chama katika nchi ambayo chama kilishika hatamu, na mwaka 1987, katika mkutano mkuu wa Kizota, alichaguliwa tena kukiongoza. Mtu anayeongoza kikao hazungumzi kama mstaafu hata kidogo. Ana madaraka ya kikatiba ndani ya chumba kile. Mambo yalibadilika alipokabidhi uenyekiti kwa Mwinyi. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana Zanzibar na, kwa Azimio la Zanzibar, ikalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha la 1967, na Nyerere, ambaye masharti yale yalikuwa uti wa mgongo wa siasa yake, hakuweza kulizuia. Alilalamika baadaye, hadharani, kama raia mwingine yeyote. Anayedhani kwamba neno lake lilikuwa amri kwa CCM kila wakati analisahau Azimio la Zanzibar.

Alipofika Chimwaga alikuwa ameshasema mengi nje ya vikao vya chama. Alikuwa amewakemea wabunge 55 waliodai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, kisha akaandika kitabu, *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, ambamo aliwalaumu kwa majina Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa chama Horace Kolimba. Machi 1995 aliwaita waandishi wa habari katika hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, akazitaja nyufa alizoziona katika nyumba ya taifa, zikiwemo udini, ukabila na rushwa. Mei Mosi, mjini Mbeya, alisema Ikulu ni mahali patakatifu na haifai kugeuzwa pango la walanguzi. Haya yalisemwa wakati wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa ovyo, na Augustine Mrema, mwanasiasa aliyependwa sana mitaani, alikuwa ameihama CCM na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Ndiyo maana alipowaambia wajumbe wa Dodoma kwamba Watanzania wanataka mabadiliko, na kwamba wasipoyapata ndani ya CCM watayatafuta nje, hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Alizungumzia sifa: mtu asiyetiliwa shaka kwa rushwa, atakayeulinda muungano, asiyebagua watu kwa dini au kabila. Kwamba moyoni alimtaka Mkapa, aliyewahi kuwa mwandishi wake wa habari, haikuwa siri kubwa.

Sasa tuzitazame kura, kwa sababu kura ndizo zinazojibu pingamizi la kwanza, kwamba mzee wa hadhi ile akizungumza, uhuru wa wajumbe unakwisha. Katika raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534. Mkapa alipata 459 na Msuya 336. Baada ya hotuba, baada ya miezi ya fununu kuhusu nani anamtaka nani, mtu aliyedhaniwa kuwa chaguo la Baba wa Taifa alikuwa nyuma kwa kura 75. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Msuya alitoka na wajumbe wakapiga kura tena: Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ilikuwa kura 47. Wajumbe 24 tu wangegeuka, Kikwete angekuwa mgombea na pengine rais wa awamu ya tatu. Ushawishi wa Nyerere ulikuwepo, na huenda ndio uliovuta sehemu kubwa ya kura za Msuya kwenda kwa Mkapa. Lakini ushawishi unaoishia kwenye tofauti ya kura 47 kati ya 1,325 ni ushawishi uliokutana na watu wenye akili zao na kulazimika kuhangaika nao. Mwenye kuona ukumbi uliotiishwa aeleze kwanza zile kura 639.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Linasema kwamba kazi halisi ilifanyika kabla ya wajumbe kuketi. Walioomba uteuzi walikuwa wengi. Kamati Kuu na Halmashauri Kuu ndizo zilizochuja mpaka wakabaki watatu, na Malecela, mwenye wafuasi wengi ndani ya chama, hakufika ukumbini. Ni kweli, na inanigusa kama mtu anayejali historia iandikwe vizuri. Hotuba ya Chimwaga imehifadhiwa, inarushwa tena na tena, kijana aliyezaliwa mwaka 2000 anaweza kuisikiliza na kuibishia. Yaliyosemwa katika vikao vya mchujo tunayapata kwa simulizi za waliokuwemo, kila mmoja akivutia kwake. Hapo ndipo mgombea hukatwa bila kujua ni hoja ipi iliyomkata wala ni nani aliyeitoa, na hapo ndipo mstaafu anaweza kutumia uzito wake bila kuwajibika kwa neno lolote. Pingamizi hili, likifuatiliwa hadi mwisho, linaniunga mkono. Ukimfungia mstaafu mlango wa ukumbi, uzito wake haupotei. Unahamia kwenye chumba cha mchujo, au kwenye simu ya usiku.

Miaka iliyofuata ilileta mfano mzuri wa kulinganisha. Kikwete alishindwa mbele ya macho ya wote, kwa hesabu iliyosomwa ukumbini, akakubali matokeo na kubaki. Mei 2005 alirudi Chimwaga na kupata kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Mwaka 2015 mambo yalikwenda kinyume. Edward Lowassa, aliyezunguka nchi akikusanya wadhamini kwa maelfu, alikatwa na Kamati Kuu kabla Halmashauri Kuu haijapata nafasi ya kumjadili. Wajumbe watatu wa kamati hiyo walijitokeza hadharani kupinga, na kabla ya Julai kwisha Lowassa alikuwa mwanachama wa Chadema. Mkutano Mkuu ulipopiga kura, John Magufuli alipata 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Ushindi mkubwa, katika chumba ambamo ushindani mkubwa ulikuwa umeshaondolewa. Sidai kwamba kila anayekatwa mchujoni huhama. Malecela alikatwa 1995, akakatwa tena 2005, na hakuondoka. Ninachodai ni kwamba aliyeshindwa kwa hoja zilizosikika na kura zilizohesabiwa hadharani ana sababu ndogo ya kuamini kwamba ameonewa.

Marekani, ambako mikutano mikuu ya vyama ni mila ya karibu karne mbili, wamekuwa na marais wastaafu jukwaani kwa muda mrefu. Herbert Hoover alihutubia mikutano ya Republican kuanzia 1936 hadi 1960, na heshima aliyopewa haikumpa uwezo wa kuamua mgombea. Harry Truman alijaribu. Mwaka 1956, wajumbe wa Democratic wakikusanyika Chicago, alimtangaza Averell Harriman kuwa ndiye anayefaa. Harriman alipata kura 210. Adlai Stevenson alipata 905 na nusu. Truman alikuwa ameacha urais miaka mitatu tu nyuma, lakini wajumbe wale walikuwa na nguvu zao majimboni na hawakumhitaji.

Lipo pingamizi la tatu, na hili linatolewa na watu wema. Rais mstaafu, wanasema, ni wa taifa zima. Mafao yake yanalipwa na mlipa kodi wa kila chama, na inafaa akae juu ya ugomvi wa vyama. Kenya imeliandika jambo hili katika sheria ya mafao ya marais wastaafu ya 2003, inayomtaka mstaafu asishike wadhifa wa chama kwa zaidi ya miezi 6 baada ya kuondoka madarakani; mvutano kuhusu Uhuru Kenyatta kuendelea kukiongoza chama cha Jubilee, ambacho mkutano wake wa wajumbe aliuhutubia Mei 2023, umetokana na kifungu hicho. Naona katazo lile lina busara, kwa sababu wadhifa ni madaraka: anayeushika anaitisha vikao, anasimamisha watu uanachama, anagawa fedha. Kusema ni jambo jingine. Kumnyima mstaafu wadhifa hakuhitaji kumnyima mdomo. Pia tutofautishe mkutano mkuu na mkutano wa kampeni. Agosti 2015, CCM ilipozindua kampeni zake viwanja vya Jangwani, Mkapa aliwaita wapinzani wapumbavu na malofa. Maneno yale yaliwaumiza mamilioni ya Watanzania aliokuwa ameapa kuwatumikia wote, na nadhani yaliipunguza heshima aliyojijengea kwa miaka kumi ya urais. Ukumbini mstaafu anazungumza na wenzake kuhusu makosa yao wenyewe, kama Nyerere alivyofanya. Uwanjani anazungumza dhidi ya wananchi wengine. Hapo pa pili ningemwomba anyamaze.

Na kwa anayehofu kwamba hotuba ya mstaafu humwaibisha mrithi wake, Mwinyi aliketi pale Chimwaga kama mwenyekiti wakati serikali yake ikisemwa, na alivumilia. Nalihesabu hilo kuwa sifa yake kubwa, isiyotajwa inavyostahili.

Haya yote yanasimama juu ya sharti moja: baada ya hotuba pawe na kura yenye majina zaidi ya moja. Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM, ulioitishwa Dodoma hasa kuziba nafasi ya makamu mwenyekiti, uliishia kupitisha azimio la kumfanya Rais Samia Suluhu Hassan mgombea pekee. Katika kikao cha namna hiyo neno la mstaafu yeyote, liwe zuri kiasi gani, halina cha kupimwa nacho, kwa kuwa hakuna aliye huru kulikataa. Chama kinachotaka kunufaika na wastaafu wake kiwaweke kwenye ratiba mapema, kabla wagombea hawajajieleza, ili kila mgombea apate nafasi ya kujibu aliyoyasikia. Wazungumzie sifa na hali ya nchi bila kutaja jina. Kisha watoke katika vikao vya mchujo kabisa, na sababu za kila jina kukatwa zisomwe mbele ya wajumbe walewale waliosikiliza hotuba.