Siku Anazodai Ndugu Yangu

Mwaka 1993, siku aliyohukumiwa ndugu yangu mkubwa, nilikuwa nimekaa benchi la mbele mahakamani, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdhamini wake. Tangu akamatwe alikuwa nje kwa dhamana, na hakukosa kufika hata mara moja kesi ilipotajwa. Hakimu aliposema "miezi 18", dhamana yangu ikafa papo hapo. Nilidhani tukikata rufaa itafufuka. Kumbe sivyo.

Wakili wetu alinieleza kwa upole. Mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Aliyekwisha kuhukumiwa huhesabiwa kuwa alihukumiwa sawasawa, mpaka rufaa iseme vingine. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 357, inaipa Mahakama Kuu, na hata mahakama iliyotoa hukumu, uwezo wa kumwachilia kwa dhamana anayengoja rufaa. Lakini uwezo si wajibu. Katika kesi ya Somo ya mwaka 1972, Jaji Trevelyan alisema ombi kama hilo halina maana iwapo rufaa yenyewe haina matumaini makubwa mno ya kushinda. Mwaka 1986, katika kesi ya Karanja, Mahakama ya Rufaa ikakaza uzi: tabia njema ya zamani, taabu za jamaa, na hata madai ya ugonjwa ikiwa gerezani kuna matibabu, si sababu za kutosha.

Nasi tulikuwa na hizo hizo tu: watoto wanne, shinikizo la damu, na jina lisilo na doa. Ombi likakataliwa.

Baadaye nilijifunza kwamba mwaka huo huo wa 1986, katika kesi ya Jivraj Shah, mahakama hiyo hiyo iliukumbuka muda. Ilisema kuwa ikiwa rufaa yaelekea kushinda kwa hoja nzito ya sheria, na kifungo au sehemu yake kubwa itakuwa imekwisha kabla haijasikizwa, hapo dhamana ina haki yake.

Kifungo kifupi hakingoji. Thuluthi yake huweza kusamehewa kwa mwenendo mwema, na miezi 18 ikawa 12. Ndugu yangu alirudi nyumbani mwaka 1994. Rufaa yake ilisikizwa mwaka 1995, akashinda. Hakucheka wala hakulia. Aliniuliza tu kama basi la saa nane limekwisha kuondoka.

Siwalaumu majaji. Dhamana ikigawiwa ovyo, hukumu itakuwa karatasi tupu, na wako watakaotoroka. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba mtu akishindwa rufaa, siku alizokaa nje kwa dhamana hazihesabiwi katika kifungo chake. Basi aliyepewa dhamana kimakosa bado anadaiwa, na atalipa mpaka siku ya mwisho. Aliyenyimwa kimakosa naye anadai, lakini hakuna hazina ya serikali inayoweka siku.

Katiba ya mwaka 2010 imempa aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa pawe na sababu nzito, na aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa. Juu ya siku zilizo kati ya hukumu na rufaa haikusema neno. Zimebaki mikononi mwa jaji, nami namwombea kila jaji akumbuke kuzihesabu.