Mtungi na Kilabu: Habari za Pombe Njema katika Nchi ya Kuria



Imekuwa desturi ya Chama chetu kuweka katika ripoti ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliofariki, kurasa chache za habari za kale. Safari hii Halmashauri imetuagiza tuandike habari za pombe. Wapo watakaoshangaa, na huenda wapo watakaokasirika. Sisi tunaoandika kurasa hizi tulisomeshwa na misheni, na mpaka leo hatunywi. Basi mtu asidhani kwamba twajitetea nafsi zetu. Tumeagizwa kwa sababu iko hoja itakayoletwa mbele ya mkutano mkuu, kwamba Chama kiende kwa serikali ya kaunti kuwaombea leseni kina mama wapikao pombe ya nafaka kwa usafi, ili wapate kuiuza mchana, mahali panapojulikana. Kabla ya kuinua mikono kukubali au kukataa, yafaa watu wajue jambo lenyewe lilikotoka.

Pombe ya asili ya Wakuria ni amarwa, na nafaka yake kuu ni wimbi. Kwa kuwa vijana wengi wameinywa au kuisikia tu bila kuona inavyopikwa, tulikwenda kwa mama mmoja mzee ambaye amepika tangu alipoolewa. Alitukaribisha, akatutazama kalamu zetu, akasema, "Mwanangu, andika polepole, maana jambo hili halitaki haraka."

Akaeleza hivi. Kwanza hutengenezwa kimea. Wimbi hulowekwa katika maji, kisha hutandazwa na kufunikwa mpaka liote mizizi midogo myeupe; halafu huanikwa juani likauke kabisa, ndipo lisagwe. Kando ya hayo unga mwingine, wa mahindi au wa mtama, hukandwa kwa maji kidogo na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Unga huo hukaangwa juu ya bati pana lenye moto chini yake, ukigeuzwa kwa jembe au kwa mwiko mpaka uwe na rangi ya kahawia. Kazi ya kukaanga ndiyo ngumu kuliko zote: moshi waingia machoni, na ukisimama kidogo tu kupiga soga, unga umeungua na pombe yote itakuwa chungu. Baadaye unga uliokaangwa hutiwa mtungini pamoja na maji na kimea, mtungi hufunikwa, na mtu hungoja.

Sisi tuliosoma sayansi kidogo tulijua kwamba kimea ndicho kigeuzacho wanga wa unga kuwa sukari, na kwamba hamira huila sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa. Mama yule hakuhitaji maneno hayo. Aliinamisha kichwa akaweka sikio karibu na mtungi. "Sikiliza," akasema, "inasema." Na kweli ilikuwa ikinong'ona kama mvua ya mbali. Pombe ikinyamaza kabla ya siku yake, alisema, iliharibika tangu kwenye kimea. Ikisema mno, inywewe leo, maana kesho itakuwa siki. Tukamwuliza kama aliwahi kuongeza kitu cha kuitia nguvu. Alituangalia kama watoto tuliotukana.

Pombe ya namna hiyo ina kileo kidogo, kinachokaribiana na cha bia ya kawaida, na ndani yake bado mna unga, hata wazee wengine huiita chakula. Haiwezi kusafirishwa mbali wala kuwekwa ghalani. Hunyweka karibu na jiko lilikopikwa, na watu wanaomjua mpishi kwa jina. Neno hili tunaomba likumbukwe, kwa maana tutalirudia.

Desturi ya kunywa nayo ilikuwa na sheria zake. Kwetu, na kwa jirani zetu Wakisii, Wajaluo na Waluhya, wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu wenye chujio ndogo nchani, na maji ya moto yakiongezwa kadiri pombe ilivyopungua. Pombe ilikuwa haki ya umri. Kijana alilima, akachunga, akatumwa. Mtungi ulimngoja mpaka awe na mji wake. Ilitolewa mahari ilipozungumzwa, na majirani walipoitwa kwa ujima wa kulima au kuvuna. Mwenye nyumba alionja kwanza mbele ya wageni, wote wakimwona, ndipo wengine washike mirija. Hatusemi kwamba hapakuwa na ulevi siku zile, wala kwamba hapana aliyewahi kumpiga mkewe. Wazee wanaosema hivyo wamesahau. Twasema tu kwamba mlevi alilewa mbele ya watu wenye uwezo wa kumkemea.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliotoka pwani ukafika Ziwa Victoria katika nyuzi 1 kusini ya ikweta. Mstari huo uliwapitia Wakuria katikati. Mitungi ikabaki pande zote mbili, ikipikwa kwa namna moja, lakini sheria zikawa mbili. Upande wetu, chini ya utawala wa Kisii, machifu walipewa mamlaka ya kuzuia upishi wa pombe, na wakati wa njaa amri hiyo ilitumika ili nafaka iliwe. Misheni nazo zilikuwa zimeingia. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kwao mwanafunzi aliyebatizwa hakugusa mtungi kabisa. Ndivyo nyumba nyingi za nchi hii zilivyogawanyika, baba akinywa na mtoto akiimba nyimbo za dini, na mama akipika pombe ile ile iliyolipa karo ya mtoto huyo. Twayajua hayo vizuri. Karo yetu ilitoka humo, na mwalimu aliyeipokea hakuuliza ilikotoka.

Mijini Serikali ilichukua njia nyingine. Kule Durban, Afrika Kusini, baraza la mji lilikuwa limejifanya mpishi pekee wa pombe ya Waafrika tangu mwaka 1909, na faida ikatumiwa kuwatawala na kuwahudumia Waafrika hao hao. Nairobi iliiga mfano huo katika miaka ya 1920, kikajengwa kilabu cha baraza kule Pumwani, na faida yake ikaingia katika mfuko wa huduma za Waafrika. Chama cha ustawi kama chetu kina haki ya kulitafakari jambo hilo. Watu walikatazwa kupika majumbani mwao, wakaambiwa wanywe kilabuni, kisha wakajengewa nyumba za huduma kwa senti zao wenyewe na kuambiwa washukuru. Hata hivyo wazee waliofanya kazi Nairobi hawakukisahau kilabu, maana huko mtu alikutana na wa kwao, akapata habari za nyumbani na za kazi. Mashambani mabaraza ya wilaya yakatoa leseni za vilabu vidogo, na kina mama wakauza humo.

Bia ya chupa ilikuwa habari nyingine. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, na masanduku yake ya kwanza yalipelekwa katika hoteli ya Stanley mjini Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda, na bia yao ikaitwa Tusker kwa ajili ya ndovu huyo. Mwafrika aliweza kuyabeba masanduku hayo, lakini kuyanywa yaliyomo alikatazwa na sheria mpaka mwaka 1947. Hapana shaka katazo hilo ndilo lililoipa chupa heshima kubwa. Liliposhushwa, karani au mwalimu aliyeweka chupa mezani alikuwa akionyesha kwamba yeye naye ni mtu. Pole pole mtungi ukaonekana kuwa kitu cha washamba, na jambo hilo halikuletwa na sheria yoyote. Tulilileta sisi wenyewe wasomi.

Baada ya Uhuru vilabu viliendelea, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, mara baada ya Rais Daniel arap Moi kushika uongozi mwaka 1978, vilipofungwa na pombe ya kienyeji ikapigwa marufuku. Mwaka 1980 ikafuata sheria ya kukataza chang'aa. Nia ilikuwa kuondoa ulevi. Tazameni kilichotokea. Busaa na amarwa hutaka siku nyingi, mitungi mikubwa, moto na moshi. Askari huziona kutoka barabarani. Chang'aa hutiwa katika chupa ndogo na kufichwa chini ya kitanda. Kwa hiyo katazo liliidhuru zaidi ile iliyo laini, likaiachia njia ile iliyo kali. Mpishi aliyekuwa na jina kilabuni akawa mtu wa usiku, na mnywaji akanunua bila kujua ni nani aliyepika.

Mwezi wa Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichotiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani, na wengine wakapofuka. Methanoli haina harufu ya kumwonya mtu, na madhara yake hujitokeza baada ya saa nyingi, mnywaji akiwa amekwisha kulala. Hapo hapakuwa na mwenye nyumba aliyeonja kwanza.

Sheria ya mwaka 2010, iliyojulikana kwa jina la mbunge aliyeileta, John Mututho, iliifuta ile ya 1980 na kuviweka vinywaji vyote chini ya utaratibu mmoja wa leseni, vipimo na saa za kuuzia. Katiba ya mwaka huo huo ikakabidhi leseni za vileo kwa serikali za kaunti. Mlango ukafunguliwa, walakini kina mama wetu wachache waliweza kuupita, kwa sababu ada na masharti yalipangwa kwa kumfikiria mwenye baa. Katika msako mkubwa wa mwaka 2015 mapipa yalimwagwa nchini kote, na aghalabu aliyemwaga hakutofautisha pombe ya wimbi na sumu. Mama mmoja mjane wa jirani zetu alimwagiwa mitungi minne iliyokuwa ya karo ya muhula. Aliyempeleka mtoto wake shule mwaka ule ni mfuko wa Chama hiki; mwenye kutaka kuhakikisha na atazame hesabu za wakati huo.

Kampuni kubwa nayo haikulala. Mwaka 2004 ilitoa bia ya Senator, iuzwayo kwa kikombe kutoka katika pipa, na Serikali ikaisamehe ushuru ili maskini apate kitu safi. Ilipopunguza msamaha huo mwaka 2013, bei ilipanda na mauzo yakaanguka vibaya. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kilifunguliwa upya kwa gharama ya shilingi bilioni 15, kikinunua mtama wa wakulima wa Nyanza. Twafurahi kwa ajili ya wakulima. Lakini mtama ukiuzwa kwa kilo huleta bei ya kilo, na ukipikwa nyumbani huleta bei ya pombe. Mama mwenye nusu ekari hufanya hesabu hiyo bila kalamu.

Wako watakaosema kwamba kutetea pombe ya mtungi ni kurudi nyuma. Hao na wasikie habari za Uingereza. Mwaka 1971 vijana wanne wa huko, wakiwa matembezini Ireland, walichukizwa kuona viwanda vikubwa vikiua bia ya kale ya nchi yao, ile iliyoendelea kuchachuka ndani ya pipa mpaka siku ya kunywewa, na badala yake kuuza bia iliyochujwa na kutiwa hewa. Wakaunda chama kiitwacho CAMRA. Tangu mwaka 1974 kimechapisha kitabu cha kuwataja kwa majina wenye vilabu wanaoitunza bia hai vizuri, na asiyeitunza huachwa nje. Hawakuona haya. Wangefika kwa mama yule wakaweka sikio mtungini, wangeyaelewa maneno yake bila mkalimani.

Twapenda hasa ule mpango wa kitabu, kwa kuwa sifa ina hatari yake. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi si maji tu yatiwayo. Katika Halmashauri wamo wanaoipinga hoja, na tumeahidi kuandika maneno yao kwa haki. Mama mmoja mjumbe alisema kwamba amezika wana wawili kwa sababu ya kinywaji, na hataki kusikia tofauti ya kinywaji na kinywaji. Hapana aliyemjibu, na sisi hatutajaribu. Mzee mwingine aliuliza: leseni ikipatikana, nani atamzuia kijana wa shule mlangoni? Alijibiwa kwamba kilabu kitafunguliwa kwa saa za sheria, kwamba mpishi ataonja mbele ya wanywaji, na kwamba atakayepatikana ameongeza kitu chochote atafutwa na jina lake kusomwa mkutanoni. Mzee akasema atafikiri.

Wakati wa kufikiri, liko jambo moja lisilongoja kura. Kati ya kina mama tisa tuliotajiwa kuwa wapishi hodari wa wimbi katika sehemu zetu, watatu hawawezi tena kusimama mbele ya bati la moto, na mabinti zao hawakujifunza. Tumenunua daftari kubwa kwa shilingi mia mbili na hamsini. Limo ofisini, katika kabati la kushoto, na kurasa kumi na moja zimekwisha kuandikwa. Mwanachama aliye na mama au bibi ajuaye kazi hii na amlete siku yoyote ya Jumanne au Alhamisi kabla ya adhuhuri, au atuite twende kwake. Nauli tutajilipia.