Fahamu: Maelezo ya zana yanavyoongoza mawakala wa akili mnemba

Mkazi wa Arua anayeomba tangazo la chanjo litafsiriwe kwa Kilugbara anaweza kurudishiwa Kiganda, na chanzo cha kosa hilo kikawa herufi tatu tu. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, Kilugbara ni “lgg” na Kiganda ni “lug”. Programu ambayo haikuelezwa tofauti hiyo hubahatisha, nayo “lug” hufanana zaidi na neno Lugbara. Mama aliyesubiri kujua siku ya kumpeleka mtoto kliniki hupata ujumbe asioweza kuusoma.

Kosa la namna hii si lazima litokane na udhaifu wa akili mnemba yenyewe. Mara nyingi hutokana na maelezo mafupi ambayo mtaalamu aliyaandika kwa haraka.

Wakala na zana zake

Modeli ya lugha ni programu inayopokea maneno na kujibu kwa maneno. Modeli hiyo ikipewa uwezo wa kutenda, kama vile kutafuta kumbukumbu, kutafsiri, kutuma ujumbe au kulipa fedha, huitwa wakala. Kila uwezo wa aina hiyo huitwa zana.

Wakala hafungui zana kuona imeundwaje ndani. Kwa kawaida husoma mambo matatu: jina la zana, maelezo yake, na orodha ya taarifa ambazo zana inahitaji kupewa. Kwa maandishi hayo huamua atumie zana ipi, wakati gani, na ajaze nini. Utaratibu huo ndio uliomo katika Model Context Protocol, kanuni ya wazi ya kuunganisha modeli na zana ambayo kampuni ya Marekani ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024.

Lugha zitajwe, na zisizokuwemo pia

Nchini Uganda, shirika la Sunbird AI limetoa hifadhidata ya SALT, ambayo toleo lake la awali lilikuwa na sentensi za Kiingereza, Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kiateso na Kilugbara. Zana iliyojengwa juu ya hifadhidata hiyo ya awali pekee ingemfaa mkazi wa Arua. Koboko, ambako Kikakwa ndiyo lugha kuu, mambo ni tofauti.

Maelezo yasemayo “Hutafsiri matini katika lugha za Uganda” yangempotosha wakala. Maelezo bora yangesema: “Hutafsiri sentensi fupi kutoka Kiingereza. Lugha lengwa: Kilugbara, lgg, Kiganda, lug, Kiacholi, ach. Haifahamu Kikakwa wala Kinubi. Lugha hizo zikiombwa, usitumie lugha nyingine badala yake. Mweleze mwombaji kwamba tafsiri haipo.” Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazomzuia wakala kumpa Mkakwa Kilugbara na kudai kwamba kazi imekamilika.

Arua ipi?

Majina ya mahali yanahitaji uangalifu uo huo. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi 2005. Madi-Okollo ilijitenga 2019, Terego ikafuata 2020, na Julai 2020 Arua yenyewe ikapata hadhi ya jiji, mbali na wilaya yenye jina hilohilo. Kwa hiyo, sensa ya 2002 ilipofanyika Koboko ilikuwa bado ndani ya Arua. Katika sensa ya 2014 ilikuwa nje. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, ambayo taarifa nyingi za zamani huyaweka Arua, leo yamo Madi-Okollo na Terego.

Zana ya takwimu isiyoeleza iwapo “Arua” ni jiji au wilaya, na kwa mipaka ya mwaka upi, itampa wakala tarakimu sahihi kwa swali lisilo sahihi. Afisa anayegawa vyandarua au mbegu kwa tarakimu hizo anaweza kuuacha mji mzima nje ya hesabu.

Fedha na vitendo visivyorudi nyuma

Koboko inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zana ya malipo inayodai “kiasi” pasipo kutaja sarafu huacha mlango wazi: elfu hamsini ni shilingi za Uganda, pauni za Sudan Kusini, au faranga za Kongo? Maelezo yataje sarafu, yaonyeshe mfano wa namba ya simu inavyoandikwa, na yabainishe iwapo zana inasoma tu au inatenda. Inayotenda ielezwe wazi kwamba fedha zikishatumwa hazirudi zenyewe, na kwamba mwenye akaunti athibitishe kwanza.

Hata hivyo, maelezo si kufuli. Kikomo cha fedha na hitaji la namba ya siri lazima viwekwe ndani ya mfumo wenyewe. Aidha, kwa kuwa wakala huyaamini anayoyasoma, zana ya mtu asiyejulikana inaweza kuficha maagizo mabaya ndani ya maelezo yake. Yakaguliwe na binadamu kabla ya kuunganishwa.

Namna ya kuyapima

Njia ya kuyapima ni kukusanya maswali kama wenyeji wanavyoyauliza, mfano “Mhogo ni bei gani leo sokoni Arua?”, yakiwemo yanayochanganya Kiswahili na Kilugbara. Wakala huulizwa maswali hayo, kisha hutazamwa alichagua zana ipi na alijaza nini. Akikosea, maelezo hurekebishwa na maswali hurudiwa yote.

Kazi hiyo haihitaji mhandisi peke yake. Muuza mhogo, muuguzi na mkalimani wa Koboko wanajua ni neno gani lenye maana mbili katika eneo lao, na ujuzi huo hauna budi kuingia katika maelezo kabla zana haijaanza kutumika.