Kipokezi cha Nikotini na Kidhibiti Chake

Kipokezi cha nikotini ni protini iliyopenya utando wa seli ya neva au ya msuli, yenye vipande vitano vilivyozunguka tundu moja. Asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ishara, ikishikamana nacho tundu hufunguka, ioni za sodiamu huingia, na seli husisimka. Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge alitumia nikotini na kurare, sumu inayozuia kazi ya nikotini, kuonyesha kwamba msuli una dutu pokezi. Nikotini hiyo ndiyo asili ya jina la kipokezi hiki.

Mkoani Tabora, penye mashamba ya tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge, kazi ya kipokezi hiki huonekana kwa wachumaji. Anayeshika majani mabichi yenye umande au mvua hufyonza nikotini kupitia ngozi, akapata kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na maumivu ya kichwa. Nikotini hufungua tundu lilelile, lakini kimeng'enya kinachovunja asetilikolini hakiwezi kuivunja, hivyo hukawia.

Ubongo una protini inayotuliza vipokezi hivi. Inaitwa linksi-1, na ilielezwa mwaka 1999. Umbo lake la vidole vitatu linafanana na la baadhi ya sumu za swila na koboko, ambazo huziba vipokezi vya misuli hata mtu akashindwa kupumua. Linksi-1 haizibi. Imeshikizwa kwenye utando kando ya kipokezi, nayo hukipunguzia wepesi: asetilikolini nyingi zaidi huhitajika ili tundu lifunguke, na kipokezi huchoka mapema zaidi.

Panya walioondolewa jeni ya linksi-1 walijifunza baadhi ya mambo vizuri zaidi, lakini seli zao za ubongo zilichakaa walipozeeka, na nikotini ikazidisha uharibifu huo. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa protini hii huongezeka katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona panya anapokomaa, na kwamba isipokuwapo, ubongo wa panya mzima hubaki na uwezo wa kujipanga upya kama wa panya mchanga.

Kwa hiyo kuiita linksi-1 "kizuizi" ni kupotosha. Kizuizi ni kurare au sumu ya nyoka. Istilahi inayoifaa ni "kidhibiti cha kipokezi", kwa kuwa hupunguza nguvu ya ishara bila kuikata.