U.R. Ni Nani? Kufuli Lililofukuliwa Uani

Huenda uani kwenu pia kuna chuma cha namna hii, kwa hivyo soma kwanza kabla hujamwita mtu wa skrepa.

Jirani yetu mmoja wa Changamwe alikuwa akichimbiwa shimo la choo, sururu ikagonga kufuli zito la shaba. Ubavuni limepigwa herufi mbili: U.R. Barazani majibu yalikuwa tele. Mmoja akasema ni jina la mwenyewe, mwengine akaapa ni la Wareno (masikini Wareno, kila cha kale Mombasa husingiziwa wao!). Mtu wa skrepa hakuuliza jina, yeye aliuliza kilo.

Basi U.R. ni Uganda Railway, yaani Reli ya Uganda. Jina hili huwachanganya wengi, manake reli yenyewe ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Disemba 1901. Waingereza walichokitaka ni Uganda, sisi tulikuwa njia ya kupitia tu. Mwaka 1926 jina likawa Reli ya Kenya na Uganda, herufi K.U.R., na baadaye ikaongezwa H ya bandari. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli ya Tanganyika, zikawa E.A.R. & H. Bandari zilipotengwa 1969, ile H ikaondoka. Jumuiya ikavunjika 1977, kila nchi ikachukua yake, na hapo ndipo tukapata K.R.

Kwa hivyo kufuli la U.R. lina umri wa karibu miaka 100 au zaidi. Lakini angalia: herufi zakwambia lilipigwa chapa lini, si lilipotea lini. Kufuli zuri hufunga stoo miaka mingi baada ya jina la mwenyewe kubadilika.

Na nani alilishika? Hapa ndipo pananigusa. Wafanyikazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wakiwa Waislamu wa Punjab. Waliokufa ni 2,493. Gawanya kwa maili 582 za njia ile, utapata zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja! Wengi waliuawa na maradhi, wala si simba. Lakini simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898 wamehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, na wale watu wengi wao hata kaburi halijulikani.

Anayejulikana ni Seyyid Baghali, aliyezikwa kando ya reli Mackinnon Road, pale kwenye msikiti ambao wasafiri husimama kuswali. Yale ya karai kuelea juu ya kichwa chake tuwaachie wasimulizi. Kwamba alikuwa mfanyikazi wa reli hii yatosha.

Ukiokota chuma chenye herufi, usikisugue kwa msasa wala asidi, utafuta chapa. Andika kilipatikana wapi na kina gani. Waulize wazee waliokaa landhi za reli, na ukifika Nairobi pitia makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971. Na ukikuta T.R., hiyo ni ya Tanganyika, kabla ya 1948. Namna ilivyovuka mpaka hadi uani kwenu, muulize babu.