Kitabu Kilichotoka Vinywani mwa Wazee

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, utapita kituo kiitwacho Kengeleni. Wengi hushuka hapo kila siku bila kuuliza ni kengele gani. Ni kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa.

Watu hao walifika bila ukoo. Wengi walitekwa wakiwa watoto huko bara, wakachanganywa na wa makabila mengine, kisha wakabatizwa majina ambayo babu zao hawakuyajua. Jina la mama, jina la kijiji, njia waliyopitishwa hadi pwani, yote hayo yalikaa kichwani mwa mtu. Akifa, yanazikwa naye.

James Juma Mbotela, mwana wa mmoja wao, hakukubali yazikwe. Aliandika kwa Kiswahili masimulizi ya baba yake na wazee wenzake, na kitabu hicho, *Uhuru wa Watumwa*, kikachapishwa London mwaka wa 1934. (Mwanawe alikuwa Leonard Mambo Mbotela, yule wa redioni wa "Je, Huu ni Ungwana?") Wasomi wamekilaumu kitabu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, nami nakubaliana nao. Lakini asingeandika, tusingekuwa hata na cha kulaumu. Kabla yake, wavulana waliokombolewa waliosoma Kiungani, Zanzibar, waliandika habari za maisha yao wenyewe, na A. C. Madan akazichapisha kwa Kiingereza mwaka wa 1887. Walikuwa wanafunzi tu.

Sasa tuitazame kwaya yetu. Daftari la mikutano linataja michango, sare na safari. Halisemi nani aliwafundisha besi sauti yao kwa kuwaimbia sikioni, kwa sababu hawakujua nota. Halisemi nani aliacha kuja mazoezini na kwa nini. Walioimba mwaka wa kwanza na bado wako nasi wamebaki wachache, na mmoja wao hasikii vizuri tena.

Mzee usimwambie, "Nieleze historia ya kwaya." Atakupa hotuba. Muulize mazoezi ya kwanza walikaa wapi, taa ilikuwa ya nini, nani alichelewa. Akikwama, anza wimbo wa zamani. Ataushika, na majina yatafuata. Andika kwa maneno yake, hata kama ni ya lugha ya nyumbani. Tia tarehe, kisha msomee akusahihishe. Mambo mengine ataomba yasiandikwe, na hilo liheshimiwe.

Leo baada ya ibada, vijana wenye madaftari watakaa katika hema la pili, upande wa mwembe. Njoo na picha ya zamani, na uje na anayeweza kuwataja waliomo. Majina yataandikwa nyuma ya picha kwa penseli, na picha utarudi nayo nyumbani.